"Si uolewe tu upate makaratasi?" Najibu nikiwa Vienna

Habari zenu ndugu zangu. Kila nikiweka video, swali ni lile lile: "Dada, si uolewe na Mzungu upate makaratasi?" Najua nikisimama hapa Vienna, Austria, mbele ya jumba la Hofburg, wapo watakaosema naringa, na nikimaliza watasema nalalamika tu. Semeni, lakini leo nijibu.

Jumba hili lilikaliwa na ukoo wa Habsburg, makaisari waliokusanya nchi kwa kuoana. Mwaka 1477 Maximilian alimwoa Mary wa Burgundy, utajiri wa Flanders (leo sehemu kubwa ni Ubelgiji) ukaingia mikononi mwao. Mtoto wao akamwoa Juana wa Hispania, na mjukuu, Charles wa Tano, akarithi Hispania nzima. Pesa nazo zilitembea: kura za kumfanya Charles kaisari mwaka 1519 ziligharimu florini (sarafu za dhahabu) zaidi ya 850,000, nyingi zikiwa mkopo wa tajiri Jakob Fugger.

Mwaka 1515, kanisani Stephansdom, Maximilian mwenye miaka 56 alifungishwa ndoa na Anna wa Hungaria kwa niaba ya mmoja wa wajukuu zake, na haijaamuliwa ni yupi. Binti mwenyewe hajatimiza hata miaka 12! Kaka yake Anna alipokufa vita vya Mohács mwaka 1526 bila mtoto, mume wa Anna, Ferdinand, mjukuu aliyechaguliwa mwishowe, akapata Bohemia (leo ni sehemu ya Cheki) na sehemu ya Hungaria. Huyo binti aliulizwa na nani?

Anayeniuma zaidi ni Sophie Chotek. Mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, alimpenda kweli, lakini Sophie hakutoka ukoo unaotawala. Tarehe 28 Juni 1900, humu humu Hofburg, ikabidi bwana aape na kutia saini kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wao hawatarithi. Kwenye sherehe Sophie alitembea nyuma ya wasichana wadogo wa ukoo. Tarehe ile ile ya 1914 wakauawa pamoja Sarajevo, na hata hapo jeneza lake likawekwa chini kuliko la mumewe.

Mimi nina mchumba wa huku, nampenda. Nimedaiwa cheti cha kuzaliwa na cha kuthibitisha sijaolewa, kila kimoja kitafsiriwe na mkalimani aliyeapishwa, na hela inatoka mfukoni mwangu. Afisa mmoja akaniuliza mbele ya watu kama nampenda mtu au pasipoti yake. Nilitetemeka kwa hasira. Halafu narudi nyumbani, nafungua simu, nakuta ninyi ndugu zangu mmeandika maneno yale yale.

Na mjue, cheti cha ndoa si kibali cha kuishi. Kibali kinaombwa upya: kipato cha mume kinapimwa, na kwa kawaida mke anatakiwa awe na cheti cha Kijerumani cha A1, yaani kiwango cha mwanzo kabisa. Hayo ni ya kwangu, kila mtu na hali yake, na kanuni hubadilika. Uliza ofisi yenyewe kabla hujampa dalali hata senti.

Kuna mama ameniandikia nimtafutie binti yake mchumba yeyote, wa umri wowote, bora awe na uraia. Shikamoo mama. Nakuheshimu sana, ila hilo sitalifanya.