Siku ile nyumba nzima ilikua zamu

Shikamoni wazee wangu, vijana habari za jioni, na wale wa Buha nawasalimu pia. Nimeombwa niongelee maisha ya daktari wa upasuaji, kazi na familia, basi nitaongea kama tunavyoongea barazani, sina hotuba ya kusoma.

Watu wakituona wanaona mtu mmoja kavaa barakoa kashika kisu. Mimi kisu nimekishika zaidi ya miaka 30 na ninachotaka kusema leo ni kimoja tu, ile zamu ya dharura huwi peke yako, nyumba nzima iko zamu, mke, watoto, hadi mgeni aliyelala sebuleni, na daktari asiyejua hilo atawaponya watu wa watu huku wa kwake anawapoteza na wanalala nyumba moja.

Mwaka 1999 nilikua na binti wa miaka 6. Nilimuahidi nitampeleka bandarini Kigoma kuiangalia Liemba ikiondoka. Wiki nzima nilimsimulia, kwamba ile meli Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande wakaileta mpaka hapa ziwani, vita ilipowakalia vibaya mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaja kuiibua na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hili la Liemba. Mtoto kashika yote hayo kichwani. Siku imefika, kavaa viatu vya sikukuu, tunatoka mlangoni, dereva wa gari la wagonjwa huyo hapo. Simu ya mkononi sikuwa nayo, ukitakiwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, unafuatwa.

Kulikua na mama kaletwa na boti kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa, kule ambako wakati ule barabara ilikua ni maji yenyewe. Uchungu siku ya pili, mimba ya saba, na yule dereva akaniambia kitu kimoja kilichonifanya nisiulize zaidi, kwamba uchungu umekata ghafla ila mama anazidi kuwa mweupe. Waliopo fani hii mnajua maana yake. Mfuko wa uzazi umechanika, damu inamwagikia ndani, hapo unahesabu dakika.

Nikamgeukia binti yangu nikamwambia, nakuja sasa hivi.

Hilo neno ndio kosa langu, nitalirudia baadae. Tulifungua tumbo, mtoto alikua ameshafariki, mama bado yupo. Mfuko ulikua umechanika vibaya mno, haushoneki, ikabidi tuutoe. Presha inashuka, dripu zinaingia lakini maji ya dripu hayafanyi kazi ya damu, na stoo ya damu haikuwa na kitu. Mume wake alipimwa, grupu haikukubali. Nikasikia mtu wa maabara anasema mlangoni kuna chupa moja inakuja, nikashukuru Mungu, sikuuliza imetoka wapi, mikono yangu ilikua ndani. Katikati ya kazi umeme ukakata na jenereta haikuwa na dizeli, nesi akashika tochi zaidi ya nusu saa na mkono wake haukutetemeka, yule dada namkumbuka mpaka leo.

Natoka saa nne usiku namkuta mama watoto kwenye benchi la nje, kabandikwa pamba mkononi. Kumbe dereva alipita mtaani akitafuta wenye grupu O, mama watoto ni O, akambeba mtoto akaja kwa miguu, akapimwa, akatoa. Ile chupa ilikua ya kwake. Na binti kalala pembeni yake na viatu vyake vya sikukuu miguuni, alikataa kuvuliwa maana baba kasema anakuja sasa hivi.

Mgonjwa alipona, baada ya wiki kama mbili akarudi kwao. Binti yangu asubuhi aliniambia maneno haya, baba, sasa hivi yako ni ndefu. Hakua na hasira, alikua ananieleza tu jinsi anavyoona.

Sasa vijana, hapa ndipo penye uzito. Miaka kama tisa baadae, 2008, Shirika la Afya Duniani wakatoa ile orodha ya usalama wa upasuaji, vipengele 19, unasimama mara tatu, kabla ya nusu kaputi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ilijaribiwa kwenye hospitali 8 duniani na moja ilikua hapa kwetu Ifakara, na vifo vya baada ya upasuaji vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, karibu nusu, kwa kuulizana maswali tu! Mle ndani kuna kipengele kabla ya kisu kila mtu anajitaja jina na kazi yake, halafu mpasuaji anasema wazi kazi itachukua muda gani na ugumu anaoutegemea. Nilipofika hapo nikamkumbuka mtoto wa benchini. Thieta nalazimika kusema ukweli wa muda, nyumbani nasema nakuja sasa hivi. Nikaanza kuwaambia kwangu ukweli, naenda kwa mgonjwa wa utumbo uliojisokota, inaweza kufika asubuhi, msinisubiri kula. Walilala vizuri zaidi, na mimi nilishika kisu moyo umetulia.

Kuna jambo jingine nalipenda sana, hizi glavu tunazovaa. Mwaka 1889 kule Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Halsted aliona mikono ya nesi wake Caroline Hampton inaharibika kwa dawa za kuua vijidudu, akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Hakua anawaza mgonjwa pale, alikua anawaza ile mikono. Mwaka uliofuata wakaoana, na faida kwa wagonjwa watu waliiona baadae.

Miaka yangu 3 ya kubobea Muhimbili sitaisema sana. Mama watoto alibaki huku na watoto wawili, treni kutoka Dar ni kilomita 1,250 na kitu, pale Tabora mabehewa yanakatwa mengine yaende Mwanza mengine Kigoma, mimi nanunua asali nahesabu masaa. Nilikuja mara chache mno, mtoto wa pili alianza kutembea sipo. Alivyoishi yeye miaka ile siwezi kumsemea.

Ndio maana niliwaomba walioandaa leo wanikatie muda wangu nusu. Yupo pale mstari wa tatu, kitenge cha njano, na damu bado anatoa mpaka leo. Mama, njoo mbele, kipaza sauti hiki hapa.