Jedwali likifika rekodi milioni mia

Karibuni. Leo nitakaa na jedwali moja tu, tuliite mizigo. Kila shehena ya dagaa inayopita Mwaloni Kirumba inapata rekodi: mwenye mzigo, simu yake, mwalo ulikotoka, uzito, tarehe. Likiwa na rekodi elfu kumi, liunde utakavyo, seva itakuvumilia. Likifika milioni mia ndipo uzembe wa siku ya kwanza unapoanza kudai chake.

Wengi wenu hapa Mwanza mnatumia MySQL, programu ya kuhifadhi data, na humo anayetunza data ni sehemu yake iitwayo InnoDB. Ufunguo msingi ni alama ya pekee inayotambulisha kila rekodi, na faharasa ni orodha iliyopangwa ya kutafutia rekodi haraka. Kwa InnoDB, jedwali lenyewe ndiyo faharasa ya ufunguo msingi. Rekodi zimekaa ndani ya mti wa B, muundo wa matawi unaotunza data kwa mpangilio, zikifuatana kwa ufunguo huo, kwenye kurasa za kilobaiti 16. Mti huo ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, na mpaka leo hakuna aliyeuondoa kazini.

Kwa hiyo ufunguo unaopanda, 1, 2, 3, unaongeza rekodi mwishoni, kwenye ukurasa ambao tayari upo kwenye memori. UUID ni kitambulisho kirefu ambacho mashine yoyote inajitengenezea, na ile ya toleo la 4 ni ya kubahatisha: kila shehena mpya inaangukia ukurasa wowote ule. Ni kuchomeka gunia katikati ya rundo lililokwisha kupangwa. Ukurasa ukiwa umejaa, unapasuliwa viwili na nafasi inabaki wazi kila upande. Na kama haumo kwenye memori, usubiri usomwe kutoka diski kwanza.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Kila faharasa ya pili, iwe ya simu au ya tarehe, inabeba nakala ya ufunguo msingi kwa kila rekodi. BIGINT, yaani namba nzima kubwa, ni baiti 8. UUID iliyoandikwa kama maandishi ni herufi 36, yaani baiti 36. Tofauti ni 28. Zidisha kwa faharasa nne, zidisha kwa rekodi milioni mia: gigabaiti 11.2 za ziada za kubeba ufunguo tu, kabla hata hujahifadhi kilo moja ya dagaa. PostgreSQL, programu nyingine ya kuhifadhi data, haina mzigo huu wa nakala, kwa sababu faharasa zake zinaelekeza mahali rekodi ilipo. Ila ubahatishaji unaisumbua nayo.

Wapo wanaofanya namba ya simu kuwa ufunguo msingi. Jamani! Mtu akibadili laini, rekodi inahamishwa kwenye mti na faharasa zote zinaguswa.

Dada pale nyuma anasema vifaa vyao viko Ukerewe, mtandao ukikatika vinaendelea kuandika, na kila kimoja kikijihesabia, namba za kupanda zitagongana. Hoja yako ni sahihi, mtumie UUID. Ila iwe toleo la 7, lililowekwa kwenye RFC 9562, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2024: inaanza na muda kwa milisekunde, hivyo inapanda. Na ihifadhiwe kama BINARY(16), yaani baiti 16 tu, siyo maandishi.

Kaka naye ameuliza mbona ameweka faharasa kwenye simu na bado utafutaji unachukua dakika nzima. Nionyeshe ulichoandika. Umeona? WHERE simu = 0754 na kuendelea, bila alama za kunukuu. Kolamu ni maandishi, wewe umeleta namba. Maandishi mengi tofauti yanaweza kugeuka kuwa namba ileile, yenye sifuri mbele na isiyo nayo, kwa hiyo MySQL inaiacha faharasa na kupitia rekodi moja moja. Ugonjwa ni uleule ukiandika YEAR(tarehe) = 2024: faharasa inajua tarehe, haijui matokeo ya fomula yako. Omba kuanzia tarehe 1 Januari 2024 hadi kabla ya 1 Januari 2025.

Tanguliza neno EXPLAIN mbele ya swali lako, MySQL ikueleze itakavyotafuta. Ukikuta ALL chini ya kolamu ya type, litasomwa jedwali zima. Weka alama za kunukuu, urudie.