Kusawazisha Kioo cha Jicho kwa Leza: Mhadhara, Tanga

Assalamu alaikum, na habari za jioni nyote.

Mwiba wa ncha ya mkonge hapa Tanga hauhitaji maelezo. Jani linakatwa, linaruka, ncha inaingia jichoni. Kidonda kinapona, wekundu unaisha, lakini mwenyewe bado analalamika: taa moja anaiona tatu. Anapewa miwani, anabadilishiwa, wapi. Hali hiyo huwapata pia waliotolewa kinyama kilichokwisha kutambaa kuelekea mboni, na walioshonwa konea.

Konea, yaani kioo cha mbele, hufanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kukusanya mwanga, na unene wake katikati ni kama mikroni 540, nusu milimita tu. Miwani husahihisha mpindo ulio sawa. Vilima na mabonde ya kovu haiviwezi.

Kwa hiyo anza na lenzi ngumu ya kuvaa jichoni, kwa sababu machozi hujaza mabonde chini yake. Mgonjwa aliyekwama 6/36, yaani aonaye kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 36, akifika 6/12, kosa liko kwenye uso wa konea. Asipopata nafuu, msimpeleke kwenye leza kwanza; angalieni uzito wa kovu lenyewe, mtoto wa jicho, na retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Na kuna ambao lenzi hiyo ndiyo tiba yao. Akiivumilia, mimi sioni haja ya kumkwangua.

Leza inayotumika ni eksaima, mwanga usioonekana wa nanomita 193. Kila pigo huondoa kama robo ya mikroni. Wengi hudhani inajua kilima kiko wapi. Haijui! Ukiipiga sawasawa juu ya uso wenye mashimo, itashusha kilima na bonde kwa kiasi kimoja, na umbo baya litabaki vilevile, ila chini zaidi.

Dawa yake ni kufunika mabonde kwa kimiminika kama methiliselulosi, ili vichwa vya vilima peke yake ndivyo vipigwe. Hapo ndipo mkono wa daktari unapopimwa. Kikiwa kizito mno kinafunika na vilima, leza inaishia juu yake. Kikiwa chepesi mno kinakimbia, mabonde yanabaki wazi. Hutandazwa kwa sifongo, wanapiga kidogo, wanatazama, wanatandaza tena. Sikio nalo husaidia: pigo juu ya nyama hulia kwa ukali, juu ya maji sauti hufifia.

Ngozi ya juu ya konea, mikroni 50 hivi, nayo hujaza mabonde yenyewe: nyembamba juu ya kilima, nene bondeni. Ndiyo maana mara nyingi huachwa, leza ikaipitia. Taa zikizimwa, ngozi hiyo hung'aa buluu inapopigwa. Panapoingia giza, leza imeshagusa nyama ya chini. Lakini ngozi hiyohiyo huidanganya ramani ya uso wa konea inayochorwa na kompyuta, ikaonyesha kilima kifupi kuliko kilivyo.

Hesabu ya kina haina mjadala. Konea ya mikroni 480 yenye kovu la 120: toa ngozi 50, toa 120, inabaki 310. Inapita kwa taabu. Ikishuka chini ya 250 hadi 300, konea inaweza kulegea na kututumka. Kovu la kina kirefu ni la kupandikizwa konea.

Na haraka haifai. Ile "waja leo waondoka leo" yetu tuiache mlangoni. Nyuzi zitolewe, kisha ramani zinazopigwa miezi kadhaa zifanane. Aliyewahi kuugua malengelenge ya virusi (herpes) kwenye konea aseme mapema, maana leza inaweza kuyaamsha. Hukingwa kwa vidonge vya asaiklovia.

Kovu likikwanguliwa kwa kina, ukungu mweupe unaweza kurudi, hivyo sifongo yenye mitomaisini, dawa ya kuzuia kovu, ya asilimia 0.02 huwekwa kwa muda mfupi, kisha jicho huoshwa vizuri. Konea pia hubapa katikati, na mtu akahitaji miwani ya karibu.

Baadaye huvaliwa lenzi laini siku 3 hadi 5, pamoja na matone ya antibiotiki na ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Steroidi hupunguzwa polepole, presha ya jicho ikipimwa. Miwani ya jua ni lazima kwa miezi. Jua letu la pwani huchochea ukungu. Maumivu ya siku mbili za mwanzo ni ya kawaida, lakini matone ya ganzi msiyapeleke nyumbani, yanazuia ngozi kuota. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au doa jeupe likionekana, mgonjwa arudi siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.