Mamwinyi wa Uskoti Mbele ya Brashi

Naomba taa zipunguzwe kidogo. Ahsante.

Mtazameni bwana huyu. Bunduki mkononi, kifua mbele, uso kaugeuzia kando kama mtu asiyetaka kuulizwa swali. Kavaa nguo ya miraba, ile tatani ya Waskoti, na ukutani nyuma yake zimetundikwa silaha za kale. Ni Alastair Ranaldson Macdonell, mkuu wa ukoo wa Glengarry. Alichorwa na Henry Raeburn mnamo 1812, na picha iko Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Ina urefu wa zaidi ya mita 2, hivyo ukiifikia wewe ndiye unayeinua shingo.

Nguo hiyo ina kisa chake. Baada ya vita vya Culloden, mwaka 1746, ambako jeshi la serikali liliwashinda waasi wa Uskoti, serikali ya London ilipiga marufuku mavazi ya nyanda za juu za Uskoti, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1782. Lakini sheria ingali mbichi, mchoraji Allan Ramsay alimchora mkuu wa ukoo wa MacLeod akiwa kajaa miraba tangu mabega hadi miguu. Mkuu huyo alikuwa upande wa serikali vitani. Mwinyi ni mwinyi, jamani!

Raeburn mwenyewe hakuzaliwa mwinyi. Alizaliwa 1756, akafiwa na wazazi mapema, akajifunza kazi kwa sonara. Ramsay alihamia London. Raeburn alibaki Edinburgh, mabwana wakamfuata. Hakuanza kwa kuchora mistari ya penseli. Alirudi nyuma hadi mwisho wa chumba, akamkodolea macho mteja, kisha akaifuata turubai kwa hatua kubwa na kupaka rangi papo hapo. Mwanga aliuingiza kwa dirisha refu la upande wa kaskazini, akiupunguza apendavyo. Ndiyo maana nyuso zake zinatokeza gizani, huku vitu vingine vikiguswa kwa mipako michache tu. Sogeeni karibu na picha zake: mkono unageuka kuwa madoa. Rudini hatua tano, mkono huo hapo, una mifupa na damu.

Sasa, nani hayumo katika picha ya Glengarry? Watu waliomlipa kodi ya ardhi. Wengi wao walikwishavuka bahari, ardhi yao ikipewa kondoo. Hata leo kuna wilaya ya Glengarry huko Ontario, Kanada. Na hakuwa peke yake. Sir John Sinclair, ambaye Raeburn alimchora naye katika miraba, ndiye aliyepeleka kondoo wa Cheviot huko Caithness, kaskazini mwa Uskoti, na kondoo wa aina hiyo ndio waliochukua nafasi ya watu katika mabonde mengi ya nyanda za juu. Glengarry alikufa 1828, akaacha madeni, na mashamba yakauzwa. Picha ilibaki na fahari yake yote.

Mimi, nikiambiwa nichague moja, nitamwacha bwana na bunduki yake. Nitamchukua Niel Gow, mpiga fidla aliyetumbuiza kwenye karamu za mamwinyi hao. Ni kazi ya Raeburn huyo huyo. Mzee kakaa kitini, kaptula ya miraba, soksi zimevutwa hadi magotini, fidla kaiegemeza shingoni, na vidole vimeshika nyuzi.