Geuza Sahani

Haya jamani, asanteni kwa kuja na jua lote hili. Wengine hapa mshanisikia zaidi ya mara moja na mnajua kabisa naelekea wapi, lakini nitarudia maana sijaona kilichobadilika. Kila nikipita Shangani nakuta watu wamejazana kupiga picha kwenye nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, na vijana wetu wanaelezea vizuri tu, kazaliwa hapa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara, Mparsi, kasoma India, familia ikahamia Uingereza 1964. Yote kweli, tumeyakariri. Alafu unamuuliza yule yule anayeelezea, ndugu yangu, ushawahi kusikiliza upande mweusi wa Queen II, albamu yao ya pili? Anabaki anakuangalia. Upande mweusi wa nini?

Hilo linaniuma na sifichi. Tumeshika cheti cha kuzaliwa, kazi yenyewe ya mtu hatuijui, tunajua vipande vinne vitano vya kwenye harusi na mpirani basi.

Nianzie kwenye sahani yenyewe, maana naona humu kuna ambao hawajawahi kuishika. Santuri ina pande mbili, kila upande dakika 20 hivi, inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Sasa mwendo wa kuzunguka haubadiliki, ila sindano inavyoelekea katikati duara linazidi kuwa dogo, kwahiyo mfereji wenye sauti unaopita chini ya sindano kwa sekunde moja unakuwa mfupi, mwanzoni ni kama nusu mita, ukifika karibu na lebo haufiki hata nusu ya hiyo. Sauti ni ile ile lakini nafasi imebana, sauti nyembamba za juu, matoazi, herufi s, vinaanza kukwaruza. Ndo maana wapangaji wengi wa albamu za zamani wimbo mkali wanauweka mwanzo wa upande na ule wa taratibu wanausogeza ndani. Na ukishafika mwisho sindano inainuka, chumba kinanyamaza, unasimama, unageuza. Ule ukimya wanamuziki walikuwa wanaujua. Waliandika wakiuhesabu.

Queen II imetoka Machi 1974, wameirekodi studio ya Trident pale London mwaka uliotangulia. Badala ya upande A na B wameandika Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe ni wa mpiga gitaa Brian May, nyimbo nne zake na moja ya mpiga ngoma Roger Taylor inayofunga. Mweusi wote, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, ni wa Freddie. Wote! Kijana wa Unguja wa miaka 27 kapewa nusu ya sahani nzima aseme anachotaka.

Nami niliijua kwa baba yangu mdogo, alikuwa baharia, karudi nayo kutoka Southampton. Kava linafunguka kama kitabu, nje wamevaa nyeusi, nyuso nne zinatokea gizani, ndani wamevaa nyeupe. Alikuwa haruhusu mtu kuishika mpaka anawe mikono. Siku ya kwanza aliponiruhusu kugeuza alinifundisha, viganja kwenye ukingo, vidole usiguse mifereji, shusha taratibu, na mkono ulikuwa unanitetemeka. Sindano ikagusa, tss tss ya vumbi, alafu ikaja sauti kama kitu kinavutwa kurudi nyuma. Ogre Battle ile. Mwanzo wake ni mkanda wa mwisho wa wimbo wenyewe umepigwa kinyumenyume, yowe linarudi mdomoni, alafu ghafla gitaa zinakamata mbele. Nilidhani nimeiharibu sahani ya watu!

Na hapo haisimami. Inaingia moja kwa moja kwenye The Fairy Feller's Master-Stroke, wimbo kuhusu mchoro wa Richard Dadd, mchoraji aliyemuua baba yake akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, humo ndani akakaa miaka karibu tisa anachora picha moja ndogo ya vijitu vimejificha kwenye majani, iko jumba la sanaa la Tate, London, mpaka leo. Freddie kawachukua wenzake wakaione, kisha kawapanga wale watu wa kwenye picha wote ndani ya dakika mbili na ushei, kinanda cha hapsikodi anakipiga mwenyewe, sauti zinapishana kulia kushoto mpaka hujui umtazame nani, kama vile unavyoutazama ule mchoro. Alafu kelele zote zinaporomoka unabaki na piano na mtu anaimba kwa huzuni, Nevermore, dakika moja na sekunde kumi na kitu. Kwenye sahani ya baba mdogo hapo kuna mkwaruzo, sindano ilikuwa inaruka kidogo, tik. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule popote nausubiri ule tik.

Baada yake The March of the Black Queen, dakika sita na nusu, inabadilika badilika sijui mara ngapi, na hiyo nayo haina mwisho, inamiminikia Funny How Love Is. Wale mnaoniuliza kila siku habari za Bismillah kwenye Bohemian Rhapsody, ile ni 1975, njooni kwanza huku, ufundi wote ule wa kupandanisha sauti na kuunga vipande upo tayari hapa, na kwenye kava wameandika kabisa hakuna aliyepiga sintesaiza, kile kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti.

Sasa najua kuna mtu ananong'ona, mzee, nyimbo zote hizo zipo kwenye simu na hazina mikwaruzo. Zipo. Ila ukizichanganya changanya simu inakukatia The March of the Black Queen pale pale inapovuka kwenda wimbo unaofuata, kama mtu anakusimulia habari ukamziba mdomo katikati ya sentensi. Mimi sigombani na simu. Sikiliza kwenye simu, lakini sikiliza kwa mpangilio, dakika 20 tu, hata hotuba ya harusi inazidi hapo.

Na mwingine atasema umetuambia wa ndani unakuwa wa taratibu, mbona huu mweusi unafungwa na Seven Seas of Rhye ambao ni mkali? Swali zuri, sheria Freddie kaivunja makusudi. Albamu ya kwanza ya Queen ya 1973 inaishia na kipande kifupi cha wimbo huo huo bila maneno, huku ndo anaumaliza, na pale mwisho watu wanaimba wimbo wa zamani wa Waingereza wa kwenda ufukweni. Alafu weka Sheer Heart Attack, albamu inayofuata, inaanza na kelele za uwanja wa mabembea na burudani na mtu anapiga mluzi, wimbo ule ule wa ufukweni! Yaani sahani tatu zimeshikana mikono. Nani anakwambia hayo ukiwa na "nyimbo bora 20 za Queen"?

Nilitaka kuja kwa bendi nyingine za Uingereza, Led Zeppelin, zile ngoma walizozirekodi chini ya ngazi kwenye nyumba ya Headley Grange, na Pink Floyd, na wenzetu wa Zambia wa miaka ya 70, WITCH na Amanaz, rock ya Afrika kabisa ambayo inahitaji siku yake. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka tu kwa wenye sahani za wazee nyumbani, zisimamisheni, msizilaze moja juu ya nyingine, ziondoeni dirishani maana jua letu linazipinda kwa mchana mmoja, na huku pwani ukungu unaingia mpaka ndani ya kava, futeni kwa kitambaa laini na maji yaliyokenekwa (distilled) yenye tone la sabuni, mkifuata mzunguko, lebo isilowe.

Maswali baadaye. Hii hapa ndo ile ya baba mdogo, nimekuja nayo. Upande mweupe wengine mshausikia wakati mnaingia. Mwenye simu naomba azime, nageuza.