"Live" na "leave": kuvuta sauti peke yake hakutoshi

Baraka: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo ni irabu ndefu na fupi za Kiingereza. Mada hii nimeiomba mwenyewe, maana ilishanitia matatani. Mwenye nyumba alinipigia simu kuuliza kama mkataba ukiisha nitaendelea kupanga. Nikamjibu, "I want to live here."

Zuhura: Akasikia nini?

Baraka: "Leave." Akaniuliza nahama tarehe ngapi.

Zuhura: Pole sana, kaka. Bila shaka ukairudia kwa kuifupisha.

Baraka: Niliikata kabisa, dada. Bado akasikia "leave".

Zuhura: Haya majina "ndefu" na "fupi" ndiyo yanayotuponza. Kwenye Kiswahili, "kufa" na "kufaa" zina a ile ile. Ulimi hausogei, umeongeza a nyingine tu. Basi tunadhani na "sheep" ni "ship" iliyovutwa. Sivyo. Irabu ya "ship" na ya "live" ni sauti nyingine, na katika zile tano zetu haimo.

Baraka: Nielekeze inapokaa.

Zuhura: Toa i yetu, uishikilie. Midomo imetanuka, ulimi umepanda karibu na kaakaa, sivyo? Sasa usikate sauti. Shusha ulimi kidogo kidogo kuelekea e, lakini usifike. Legeza midomo.

Baraka: Iiii... Mbona kama mtu aliyechoka?

Zuhura: Ndiyo yenyewe! Ni irabu legevu. Ukifungua kamusi, "leave" ina i ya kawaida yenye nukta mbili mbele, na "live" ina i iliyoandikwa kama herufi kubwa iliyopunguzwa kimo. Watu wengi huangalia nukta tu. Angalia umbo la herufi kwanza, maana ndilo linalokuambia ulimi uuweke wapi.

Baraka: Kwa hiyo urefu hauna kazi?

Zuhura: Unayo, ila hutegemea sana konsonanti inayofuata. Sema "bead", halafu "beat". Irabu ni moja, na zote mbili huitwa ndefu. Lakini d ni ghuna, koo linaendelea kutetemeka, irabu inajinyoosha. T si ghuna, inaikatiza irabu mapema. Hata irabu ya "beat" inaweza kuchukua muda ule ule wa ile ya "bid", ambayo tunaiita fupi.

Baraka: Subiri kidogo. Ndefu na fupi zinalingana?

Zuhura: Kwa muda, ndiyo. Msikilizaji anazitofautisha kwa sauti yenyewe, na kwa konsonanti ya mwisho. Ndiyo maana kukata kwako hakukusaidia.

Baraka: Na ile ya shuleni? "Hat" ina a fupi, "hate" ina a ndefu kwa sababu ya e ya mwisho.

Zuhura: Hiyo ni kanuni ya kusoma maandishi, na inasaidia kweli. Ila ile "a ndefu" leo ni diftongo, yaani irabu mbili zilizoungana katika silabi moja: inaanzia karibu na e yetu na kupanda kuelekea i. Zamani ilikuwa a ndefu hasa: "name" ilitamkwa karibu na "naame", na ile e ya mwisho ikisikika. Kuanzia karne ya 15 irabu ndefu zikahama, badiliko ambalo mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alilipa jina la Badiliko Kuu la Irabu. William Caxton alikuwa ameleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikazidi kutulia huku midomo ikiendelea kubadilika.

Baraka: Tunasoma matamshi ya watu waliokufa zamani!

Zuhura: Kwa sehemu kubwa. Na pengo letu ni kubwa: kwa hesabu iliyozoeleka, matamshi sanifu ya Uingereza yana irabu 12 na diftongo 8. "Cat", "cut" na "cart" sisi tunazibebesha a moja. Hizo tatu zinastahili kipindi chao. Mimi mwenyewe "cut" ilinisumbua miaka.

Baraka: Tutakiandaa. Leo ngoja nimalizane na yangu. "I want to... live here."

Zuhura: Midomo bado imekaza. Legeza.

Baraka: "I want to live here."

Zuhura: Hapo sasa! Huyo hahami.