Siku maji yalipokupwa Shela: mazungumzo ya Ngomeni kuhusu wanamaji na meli za marafiki

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule kwenye ngazi, sogeeni kidogo sauti yangu haifiki mbali. Nimeambiwa nizungumze kuhusu jeshi la wanamaji na haya mazoezi ya kushuka ufuoni pamoja na meli za kigeni, manake kila meli kubwa ikionekana nje ya Manda mtaani maneno yanakuwa mengi, huyu ana lake na yule ana lake. Mimi nimetumika kwenye wanamaji miaka ishirini na ushee, na kabla ya hapo nimelelewa Matondoni kwenye vyombo, baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, kwa hivo ntasema niliyofunzwa na jeshi na niliyofunzwa na baba, na mtaona yanakutana wapi.

Nianze na ukuta huu mlioegemea. Ngome hii ilimalizwa 1821 hivi na sababu ya kujengwa ni vita vya Shela. Mnaijua habari yenyewe lakini naomba mnisikilize nivisimulie kwa macho ya baharia. Mnamo 1812 hivi Wamazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate walikuja na vyombo vyao wakashuka mchangani pale Shela, wana hakika Amu, yaani Lamu yetu hii, inaanguka siku hiyo hiyo. Waamu wakawatokea wakawapiga wakawarudisha nyuma mpaka ufuoni, na walipofika ufuoni wakakuta maji yamekupwa. Vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga, huwezi kusukuma, huwezi kupanda, maji yako kule mbali yanang'aa tu, na nyuma watu wanakuja na mikuki. Waliuawa wengi sana mbele ya vyombo vyao wenyewe. Baadaye Waamu wakahofia kisasi wakapeleka wajumbe Oman kwa Seyyid Said, akaleta liwali na askari, na ngome ikaisha kujengwa. Shuleni tunafundishwa ushujaa wa siku ile na ni haki yake kabisa. Mimi nikipita pale Shela naona jeshi lililojua namna ya kushuka na halikupiga hesabu ya kuondoka.

Sasa huku kushuka ufuoni kwenyewe ni nini. Ni kutoa watu, magari, risasi, maji ya kunywa na dawa kwenye meli na kuviweka mchangani mahali pasipo na gati, alafu kuweza kuvirudisha melini. Ukisema hivo inaonekana rahisi. Lakini fikirini kupakia tu, kitakachotoka kwanza ndicho kinachoingia mwisho, ukikosea hapo bandarini basi ufuoni unahitaji redio na redio iko chini ya magunia ya unga. Alafu kuna meli zenye tumbo linalofunguka kwa tezi, yaani kwa nyuma, meli inajazwa maji makusudi inakaa chini, bahari inaingia ndani kwenye ghala na boti za kushushia zinaelea humo humo ndani ya meli, zinatoka nje zikiwa zimebeba lori. Mara ya kwanza kuona meli inajizamisha kwa hiari yake moyo unapiga. Alafu boti inaelekea ufuoni, na kabla haijagusa mchanga, pale nyuma kama urefu wa boti kadhaa, unaangusha nanga ya tezi na kuilegeza amari, kamba yake nene, kadri unavyokwenda, manake hiyo ndiyo itakayokuvuta kurudi na ndiyo itakayokushika wimbi lisikugeuze ubavu. Boti ikigeuka ubavu kwenye mawimbi imekwisha, inajaa mchanga na injini inameza mchanga.

Ntawaambia lililonipata. Tulikuwa kwenye mazoezi na meli ya nchi rafiki, sitaitaja, mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani wa boti. Wageni walikuwa na kila chombo, ramani kwenye kioo, vipimo vya kina, saa zimeandikwa, na ratiba ikachelewa dakika arobaini kwa sababu ya lori moja lililogoma kuwaka. Jana yake mvuvi mmoja mtu mzima pale karibu alikuwa ameniambia, mwanangu hapo ni tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo, maji yakianza kutoka hapo hayatembei, yanakimbia. Nilimsikia, na sikumwambia mtu. Nilimwona mkubwa wangu ana haraka na mgeni ana mashine nikanyamaza. Tukagusa mchanga vizuri kabisa, mlango wa omo, yaani wa mbele, ukashuka, lori likatoka, na tulipotaka kurudi boti ilikuwa imekaa. Nanga ya tezi ikavuta mpaka amari ikalia na boti haikusogea hata shubiri. Tulikaa pale juani kwa muda wa karibu saa kumi na mbili tukingoja maji yatoke yote alafu yarudi. Hakuna aliyeumia, yalikuwa mazoezi. Lakini nilikaa nikimfikiria baba na nikafikiria watu wa 1812, na aibu ile sijaisahau mpaka leo, manake elimu nilikuwa nayo mdomoni nikaimeza.

Na msidhani ni sisi tu. Tarawa, kule visiwa vya Gilbert katika bahari ya Pasifiki, tarehe 20 Novemba 1943, Wamarekani walikuwa na meli nyingi na ndege nyingi, wakaenda siku ya maji mafu, yale yasiyojaa sana. Kulikuwa na meja mmoja wa New Zealand, Frank Holland, aliyeishi visiwa vile miaka mingi, aliwaambia wazi kwamba siku hiyo juu ya mwamba maji hayatatosha boti. Wakaendelea. Boti zikakwama mwambani, vijana wakashuka wakatembea majini mamia ya mita huku wanapigwa risasi. Katika siku tatu walikufa marini, wale askari wao wa kushuka ufuoni, karibu 1,000. Huyu Holland kwangu mimi ni kama yule mvuvi.

Karibu zaidi ni Tanga. Novemba 1914, Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India, Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu. Wale askari walikaa melini wiki kadhaa wamechoka na bahari, wengine hawajawahi kufanya kazi pamoja hata siku moja, na kabla ya kushuka nahodha wa manowari akaenda mjini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya amani yamekwisha, wakapata muda wa kujiandaa. Wakashuka upande wa Ras Kasone wakaingia kwenye vichaka na mashamba, mpaka nyuki wakawashambulia, na mwisho wakakimbilia maboti wakaacha bunduki za rashasha na risasi laki kadhaa ufuoni. Walikuwa wengi, lakini hawakuwahi kushuka ufuoni pamoja kabla ya siku ile.

Ndio nafika kwenye meli za marafiki. Kuna watu wanaona mazoezi haya ni maonyesho tu, mabendera na picha. Angalieni Australia. Februari 2011 kimbunga Yasi kinaelekea Queensland, wana meli 3 za kazi hii, Manoora, Kanimbla na Tobruk, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuondoka. Nchi tajiri ile, imezungukwa na maji. Wakanunua haraka meli ya Waingereza Largs Bay wakaiita Choules, ikaanza kazi Desemba mwaka huo huo. Alafu zikaja mbili kubwa za urefu wa mita 230 zenye ramani ya Kihispania, Canberra 2014 na Adelaide 2015. Lakini meli haikuwa mwisho wa kazi, ilibidi wateue batalioni nzima ijifunze maisha ya melini, wakawa wanafanya mazoezi makubwa na Wamarekani kila miaka miwili, yale ya Talisman Sabre, ubao kwa ubao. Na 2016 kimbunga Winston kilipoivunja Fiji, Canberra ikapelekwa, ikashusha misaada kwenye visiwa.

Wajapani walichukua muda zaidi. Walianza 2006 kupeleka kikosi kidogo California kwenye mazoezi ya Iron Fist na marini wa Marekani, 2013 wakapeleka meli zao wenyewe, Hyuga na Shimokita, na brigedi yao ya kushuka ufuoni ikaundwa Machi 2018. Hesabuni, miaka 12 kutoka darasa la kwanza mpaka brigedi! Mtu akikwambia ufundi huu unapatikana kwa semina ya wiki mbili usimsadiki.

Kwetu sisi Kenya wanamaji walianza 16 Desemba 1964 pale Mtongwe, Mombasa. Meli za kazi hii tunazo mbili, KNS Galana na KNS Tana, zimetoka Uhispania miaka ya 1990. Na wazee hapa wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wamarekani wakija Manda kwa mazoezi ya Edged Mallet, vijana wa Amu wakipanda juu ya mchanga kule Shela kuangalia. Baadaye makomando wa majini wa Uingereza wakawa wanawafundisha makomando wetu papo hapo Manda. Alafu usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012 vijana wetu wakashuka ufuoni Kismayu, Somalia, kabla ya alfajiri, na siku hiyo mji ukaanza kuwatoka Al-Shabaab mkononi. Wengi wanasema ndiyo mara ya kwanza jeshi la Afrika kufanya vile. Mimi huwakumbusha Anjouan, kisiwa cha Komoro, 25 Machi 2008, Watanzania na Wasudani wa Umoja wa Afrika pamoja na Wakomori wenyewe walivuka bahari wakashuka wakamwondoa Bacar aliyeng'ang'ania utawala wa kisiwa. Nasema hivo kwa heshima ya waliotangulia, na hapa Amu tuna ndugu Wangazija, hii habari ni yao pia.

Naam mama, nimekuona, uliza. … Mama anauliza sisi tunapata nini, manake yeye anakumbuka miaka ya marufuku ya kuvua usiku, na anakumbuka Januari 2020 Manda iliposhambuliwa wakafa Wamarekani watatu, na anasema wageni wakija na mizinga adui anawafuata hapa hapa kwetu. Mama, sitakuficha, uchungu huo ni wa kweli. Mvuvi wa jarife kumwambia asitoke usiku ni kumwambia asile, na waliolipa gharama ya usalama wa pwani hii kwa miaka ni wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiunga. Hilo lazima lisemwe mbele ya kila afande anayekuja kutia nanga hapa.

Lakini nikwambie kwa nini naitetea kazi hii. Novemba 2023 mvua zilipokata barabara pale Lango la Simba, Amu tulikatika na bara, malori yamelala upande wa pili. Siku kama ile meli inayoweza kuweka omo yake mchangani bila gati ndiyo inayoleta unga, dawa, na mama mjamzito inampeleka hospitali. Ni boti ile ile, nanga ile ile ya tezi. Gati tunalo Magogoni sawa, lakini gati liko mahali pamoja na vijiji ni vingi, Kiwayu hakuna gati la meli.

Ninachokitaka mimi, na nimekisema kwa waliokuwa wakubwa wangu na ntakisema tena, ni kwamba mazoezi yakija Manda wakae manahodha wetu mezani tangu siku ya kwanza. Wasiitwe kuja kupiga ngoma siku ya kufunga. Mgeni anajua meli yake, anajua kuendesha boti kumi kwa redio gizani zisigongane, na hilo sisi tunalihitaji na hatuwezi kulipata kwingine. Lakini fungu la mchanga lililohama baada ya kusi la mwaka jana haliko kwenye ramani yake, na mkondo wa Mkanda maji yakitoka ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa sana, anaujua mtu wa upondo, anayesukuma chombo kwa mti. Wazee walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, kule tumboni mwa chombo. Na hao wanaojua wanazeeka, ndugu zangu, baba yangu amekufa na vitu vingi alivyovijua juu ya mlango wa Shela sikuwahi kuviandika, na kila mwaka tunazika mwengine kama yeye.

Basi, muda umekwenda na Isha imekaribia. Kesho ni bamvua, maji yatakuwa chini kabisa saa nne asubuhi. Vijana wanaotaka nikawaonyeshe vyombo vya 1812 vilikaukia wapi tukutane gatini saa tatu, tutakwenda kwa miguu, na mwenye daftari aje nalo, nimemwomba mzee mmoja wa Shela atusomee mafungu moja moja kwa majina yake.